Polio katika Haut-Lomami: Historia ya Neva, Uvimbe na Kinga

Majina ya magonjwa huhifadhi historia. Neno poliomielitisi liliundwa kwa Kigiriki: polios, yaani rangi ya kijivu, myelos, yaani uboho, na kiambishi -itis, kionyeshacho inflamesheni, yaani uvimbe wenye joto na maumivu unaotokea mwili unapojihami. Jina hilo linataja mahali pa madhara: sehemu ya kijivu ya ugwe wa neva upitao ndani ya uti wa mgongo. Kiswahili kwa upande wake kimeuita ugonjwa huo kupooza, kikitaja matokeo yaonekanayo kwa macho. Majina yote mawili ni ya kweli. Hata hivyo, hakuna hata moja linaloeleza sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe, ambayo hupita kimya bila ya dalili. Historia ya polio katika jimbo la Haut-Lomami, ambalo makao yake makuu ni mji wa Kamina, inadhihirisha gharama ya ukimya huo.

Virusi vya polio huingia kwa kinywa, aghalabu kwa maji au mikono iliyochafuliwa na kinyesi, na huzaana katika koo na utumbo. Kwa watu wengi safari huishia hapo. Kwa wachache virusi hupita katika damu na kufika kwenye mfumo wa neva, ambako huzishambulia seli zinazoiamuru misuli kujongea. Mwili hujibu kwa kupeleka chembe zake za ulinzi, na sehemu hiyo huvimba. Inflamesheni si adui kwa asili yake. Bila hiyo jeraha lisingepona wala kijidudu kisingeshindwa. Lakini ugwe wa neva umefungwa ndani ya mfupa, na uvimbe huweza kuzidhoofisha hata seli ambazo hazikuuawa na virusi. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hurudiwa na nguvu kiasi katika miezi ya mwanzo, uvimbe unapotulia, ilhali seli zilizokufa hazirudi tena. Neva za kuhisi husalimika: mtoto husikia akiguswa mguu asioweza kuuinua.

Kupooza huko ni nadra. Kwa virusi vya aina ya kwanza, hutokea kwa takribani mtu mmoja kati ya 200 walioambukizwa. Kwa aina ya pili ni nadra zaidi. Hivyo basi, mtoto mmoja aliyelegea miguu ghafla ni ushahidi kwamba virusi vimekwisha kupita katika mamia ya watoto wengine wanaocheza wakiwa wazima.

Elimu hii ilipatikana polepole. Mwaka 1908, mjini Vienna, Karl Landsteiner na Erwin Popper walionyesha kwamba polio huambukizwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Chanjo ya sindano ya Jonas Salk iliidhinishwa Marekani mwaka 1955. Kongo iliingia mapema katika historia hii, lakini kama uwanja wa majaribio. Mwaka 1958, chini ya utawala wa Kibelgiji, zaidi ya watu 200,000 wa bonde la Ruzizi walipewa chanjo ya matone iliyotengenezwa na Hilary Koprowski. Chanjo hiyo haikupata leseni Marekani. Matone ya Albert Sabin ndiyo yaliyokubaliwa na kuenea duniani.

Matone ya Sabin yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Faida yake ni kubwa: ni rahisi kutolewa, na huupa kinga utumbo wenyewe, mahali ambapo maambukizo huanzia. Kwa matone hayo, mwaka 1988, mataifa yaliazimia kuifuta polio duniani. Mwaka 1999, Kongo ikiwa vitani, mapigano yalisimamishwa katika maeneo mengi ili watoto wachanjwe. Virusi vya asili vilionekana nchini humo kwa mara ya mwisho mwaka 2011, na Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kuwa huru navyo.

Matone hayo, hata hivyo, yana sharti: lazima watoto walio wengi wachanjwe. Pale ambapo wengi wameachwa, virusi vilivyodhoofishwa huweza kupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, vikibadilika hadi kuirudia nguvu ya kupoozesha. Aprili 2016, virusi vya asili vya aina ya pili vikiwa vimekwisha kutoweka, sehemu ya aina ya pili iliondolewa katika matone ya kawaida ulimwenguni kote. Miezi michache baadaye, Februari na Machi 2017, watoto wa Haut-Lomami walipooza kwa virusi vya aina hiyo hiyo vilivyotokana na chanjo. Mwaka huo nchi nzima ilihesabu wagonjwa 22, na virusi vya Haut-Lomami vikafika Tanganyika, Haut-Katanga na hata Ituri. Februari 2018 serikali ilitangaza hali ya dharura ya kitaifa.

Jiografia ya jimbo inaeleza mengi. Kamina ni njia panda ya reli, nao mpaka wa ulinzi wa chanjo haufuati reli. Vijiji vya kandokando ya Lualaba na maziwa ya Upemba hufikiwa kwa mtumbwi, ilhali chanjo lazima ibaki katika baridi hadi kwenye kinywa cha mtoto. Tena, ili kuzima mlipuko, ilibidi kurudisha matone ya aina ya pili, yaani asili ile ile ya tatizo. Chanjo mpya, iliyo imara zaidi, ilianza kutumika duniani mwaka 2021. Lakini Machi 2023 ilitangazwa kwamba hata hiyo ilikuwa imezaa virusi vilivyopooza watoto Tanganyika na Kivu Kusini, na mmoja nchini Burundi. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ile ya matone ya zamani. Funzo ni lile lile.

Si haki, basi, kusema kwamba chanjo ndiyo iliyowapooza watoto wa Haut-Lomami, wala si haki kuificha nafasi yake. Virusi hivyo vilitoka katika chanjo, na nguvu yake ilitoka kwa watoto waliokosa chanjo. Uvimbe katika ugwe wa neva ni mwisho wa mlolongo ulioanza mahali ambapo mtumbwi wa mchanjaji haukufika. Neno kupooza litaendelea kuutaja ugonjwa kwa kile ambacho mzazi hukiona. Kazi ya afya ya umma iko katika kile asichokiona: mamia ya watoto wazima ambao virusi hupita ndani yao kabla mmoja hajaanguka.