Malta: Mahali pa Kuzuru na Mahali pa Kukaa

Malta ni dola ya visiwa katika Bahari ya Mediteranea, kusini ya Sisilia, yenye kilomita za mraba 316 tu na wakazi zaidi ya nusu milioni; na kwa kuwa kisiwa kikuu hakizidi kilomita 27 kwa urefu, mtu atafutaye maskani huko hapimi umbali kama afanyavyo katika nchi pana, bali hupima kelele, upepo na unyevu wa kuta.

Mswahili afikaye huko husikia mambo ya kumstaajabisha, kwani Kimalta, ijapokuwa huandikwa kwa herufi za Kilatini, asili yake ni Kiarabu kilichosemwa Sisilia zamani: bahari ni baħar, kitabu ni ktieb, na Wakatoliki wa Malta humwita Mungu Alla, na mfungo wao wa Kwaresima huuita Randan. Ni athari ya utawala wa Waislamu ulioanza mwaka 870, ambao uliacha pia jina la Mdina, mji mkuu wa kale ulio juu ya kilima, wenye wakazi mia chache na vichochoro vya kimya; mahali pazuri mno pa kutembea jioni, wageni wa mchana wakisha kuondoka, lakini si pa kupata nyumba kwa urahisi.

Azuruye kwa siku chache na ashukie Valletta. Mji huu uliasisiwa mwaka 1566 na Jean de Valette, mkuu wa Utawa wa Mtakatifu Yohane, baada ya majeshi ya Uthmania kuuzingira utawa wake mwaka uliotangulia yasiushinde. Njia zake zimenyooka kama zilizopigwa kwa kamba, roshani zake za mbao zimefungwa pande zote, na katika kanisa lake kuu imo picha aliyoichora Caravaggio mwaka 1608 ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, ambayo peke yake yatosha kuwa sababu ya safari. Ng'ambo ya bandari, mwendo mfupi kwa mashua, iko Birgu, walikokaa wapiganaji wa utawa huo kabla Valletta haijajengwa. Waama, kwa apendaye kuishi baina ya wenyeji huku akiiona bandari kila asubuhi, sijui mtaa upitao huu.

Sliema na St. Julian's ndiko ziliko afisi, hoteli na maghorofa mapya, na wengi wa wageni wafanyao kazi hukaa huko kwa dharura ya kuwa karibu na riziki yao; lakini ujenzi haukomi, na mwenye watoto wadogo hatapata usingizi.

Ama Gozo, kisiwa cha pili, ni habari nyingine. Kivuko cha kutoka Ċirkewwa hufika bandari ya Mġarr kwa dakika 25 hivi, na mara mtu huona mashamba yenye kuta za mawe, makanisa makubwa kupita vijiji vyake, na magofu ya Ġgantija, mahekalu yaliyojengwa kabla ya mapiramidi ya Misri. Ukimya wake ni neema kwa mzee aliyestaafu au kwa mwandishi, lakini kwa kijana mwenye kazi katika kisiwa kikuu, kivuko hicho, akikipanda alfajiri na magharibi kila siku, hugeuka mzigo, na bahari ikichafuka hana budi kungoja.

Malta haina mto wa kudumu, na sehemu kubwa ya maji yake ni ya bahari yaliyotolewa chumvi; ndiyo maana nyumba za kale aghalabu zina birika la mvua. Kiangazi ni kikali, na upepo uitwao xlokk huleta joto na vumbi kutoka Afrika. Basi mzuru na achague Aprili, Mei au Oktoba. Lakini shida kubwa ya mkazi ni kipupwe, kwani mawe laini ya chokaa hunyonya unyevu na nyumba nyingi hazikuwekewa vifaa vya kupasha joto, hata nguo hushika ukungu kabatini. Mwenye pasipoti ya Kenya au ya Tanzania huhitaji viza ya Schengen, nayo haimruhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180; akusudiaye kuhamia sharti aombe kibali cha ukaazi. Akishakipata, nyumba na akaitazame mwezi wa Januari, aguse kuta zake kwa kiganja, ndipo atie saini.