Mishipa ya jani la muhogo na ugonjwa unaojificha Uganda

Tangu mwaka 2004, ugonjwa wa michirizi kahawia ulipoonekana upya nchini Uganda, wakulima wa mihogo wamelazimika kujifunza kuisoma mishipa ya majani. Awali ugonjwa huo ulijulikana zaidi katika nyanda za chini za pwani ya Afrika Mashariki, na maelezo yake ya kwanza yalitoka Amani, Tanganyika, mwaka 1936.

Jani la muhogo limegawanyika mithili ya vidole vya kiganja. Katikati ya kila kidole hupita mshipa mkuu, na kutoka humo hutawanyika mishipa midogo inayofumana kama wavu, tofauti na ile ya mhindi, ambayo huenda sambamba. Mishipa hulishikilia jani lisilegee, lakini kazi yake kubwa ni uchukuzi. Ndani yake mna njia mbili. Zailemu, iliyojengwa kwa seli zilizokwisha kufa, hupandisha maji na madini kutoka mizizini. Maji hayo huvutwa juu kadiri mvuke unavyotoka katika vitundu vya jani. Floemu, ambayo seli zake zi hai, hubeba sukari iliyotengenezwa kwa mwanga wa jua na kuishusha mizizini, inakogeuzwa kuwa wanga. Muhogo wenyewe, ule unaoliwa, ni ghala la sukari hiyo.

Virusi vya michirizi kahawia husafiri kwa njia hiyo hiyo. Nzi weupe hukaa upande wa chini wa jani, ambako floemu iko karibu zaidi, na wanapofyonza utomvu huviacha humo. Ndiyo sababu mmea waweza kusimama wima, wenye majani mabichi, ilhali mzizi umekwisha kuoza kwa ndani. Hasara hugunduliwa siku ya kuvuna.

Dalili ipo, ila haiko kileleni. Batobato hukunja na kuumbua majani machanga. Michirizi kahawia huleta umanjano kandokando ya mishipa midogo ya majani yaliyokomaa, yale ya chini, nalo jani hubaki na umbo lake. Majani hayo yakipukutika, ushahidi hupotea, na pingili za shina hilo hilo hukatwa na kugawiwa majirani. Nzi hawavipeleki virusi mbali. Pingili huvivusha wilaya na hata mipaka.

Dawa haipo. Shina lenye dalili hung'olewa, na pingili huchukuliwa katika shamba ambalo majani yake ya chini yalikaguliwa kabla hayajaanguka.