Gari Juu ya Mawe: Spea, Mpaka na Betri katika Tarime na Serengeti

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, shirika la ndege la pamoja lilikuwa limeshasimama, na pale Sirari, barabara ya Musoma inapokutana na ile ya Migori na Kisii, malori yaligeuzwa. Magari ya watalii yenye namba za Kenya yaliyokutwa ndani ya Tanzania yalizuiliwa. Wenye magari wa Tarime na Mugumu, mkoani Mara, hawakuona hasara yao yote siku ile. Waliiona miezi ilivyosonga, klachi ilipokwisha au pampu ya dizeli ilipokufa, na duka walilolizoea likawa upande wa pili wa kizuizi.

Ukitazama ramani utaelewa. Kutoka Tarime, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam, tena kwa mbali. Tangu enzi za Waingereza, kampuni nyingi zilizoagiza magari kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima ziliweka makao yao Nairobi, na hadi mwaka 1966 nchi hizi zilitumia shilingi moja. Barabara ya Grogan jijini humo, ambayo sasa inaitwa Kirinyaga, ilijaa maduka ya spea na mafundi wa kila aina. Mwenye Bedford aliyevunjikiwa na springi huku Mara alijua pa kuipata. Mpaka ulipofungwa alibaki na mlango mmoja tu, bandari ya Dar es Salaam, na mlango huo haukufunguliwa kwa pesa peke yake.

Ulihitaji kibali. Tangu 1974 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika moja la umma, SMC, na spea zilitegemea mgawo wa fedha za kigeni. Fedha hizo zilikuwa zinayeyuka. Bei ya mafuta ilikuwa imeruka mwaka 1973, ikaruka tena 1979. Katikati yake ikaja vita ya Kagera. Serikali ilichukua malori ya raia kupeleka askari na chakula mpaka wa Uganda, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979, vita hiyo ilikuwa inakadiriwa kuigharimu nchi dola milioni 500 hivi. Malori yaliyorudi yalirudi yamechoka. Watu wazima wa leo wanakumbuka pia marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili alasiri ili kubana matumizi ya mafuta.

Gari lilikuwepo, dereva na utingo walikuwepo, ila beringi haikuwepo. Likaegeshwa, magurudumu yakatolewa, likakaa juu ya mawe. Baada ya muda mwenye gari jingine la aina hiyo alikuja kuomba difu, mwingine taa, mwingine gia boksi. Malori mawili mabovu yalichinjwa ili moja litembee. Mafundi walichonga bushi kwa mkono, walikata gasketi kutoka kwenye karatasi ngumu na mpira wa tairi kuukuu, na walichomelea springi iliyokatika wakijua kwamba itakatika tena. Ufundi uliotokea hapo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na gharama yake: lori lililopaswa kufanya kazi kila siku lilifanya kazi siku chache, na kahawa ya milima ya Tarime ikasubiri ghalani.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa 1951, upungufu huo ulimwaga damu. Watalii walikuwa wakija kwa wingi kupitia Nairobi na Maasai Mara; njia hiyo ilipokatwa, mapato ya hifadhi yaliporomoka, na doria zikapungua. Askari wa wanyamapori bila gari linalotembea hawezi kufika Lamai wala kingo za mto Mara kabla jangili hajaondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Science ulifuatilia rekodi za doria kwa nusu karne na kuonyesha jinsi doria zilivyoshuka baada ya 1977, huku nyati na tembo wakipungua na faru weusi wakikaribia kwisha kabisa. Doria zilipofufuka, nyati na tembo walianza kurudi. Sehemu ya ufufuo huo ilikuwa magari, mengine yakitolewa na wafadhili kama Shirika la Zoolojia la Frankfurt.

Kwa raia, ufumbuzi ulikuwa magendo. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, wenye koo zilezile na ndoa zilizovuka, na ng'ombe hawajawahi kuulizwa pasi. Kahawa na mifugo vilivuka kwenda Kenya. Sabuni, vitambaa na spea vilirudi. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi na kutunga sheria kali. Bidhaa zilizofichwa zilikamatwa nchi nzima, na wengine waliogopa wakatupa mali usiku. Lakini pampu ya dizeli iliyokamatwa haikuzaa pampu nyingine dukani.

Serikali ilijaribu pia njia ya kujitegemea. Huko Kibaha, jeshi lilianzisha mradi wa kubuni lori la Kitanzania, likapewa jina la mnyama ambaye Serengeti inafahamika kwake duniani kote: Nyumbu. Wazo lilikuwa gari rahisi, gumu, linaloweza kutengenezwa na kiwanda cha nchini bila kungoja meli. Jirani yake, kiwanda cha TAMCO kiliunganisha Scania kwa vipande kutoka Sweden. Nyumbu halikufika kwenye uzalishaji mkubwa, na Scania ilibaki ikihitaji fedha za kigeni kwa kila sanduku la vipande. Hata hivyo swali lililoulizwa Kibaha ndilo ambalo wanunuzi wa magari ya umeme wanaliuliza sasa: nani ataweza kutengeneza kitu hiki, na kwa kifaa kilichotoka wapi?

Nafuu ilikuja kwa hatua tatu. Novemba 1983 Tanzania, Kenya na Uganda zilikubaliana Arusha kuhusu mgawanyo wa mali za Jumuiya, na mpaka ukafunguliwa. Mwaka uliofuata, bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi; pikapu na malori yakaanza kumiminika. Kisha 1986 shilingi ikashushwa thamani kutoka karibu 17 hadi 40 kwa dola moja. Spea zikarudi madukani, sasa kwa bei iliyouma.

Hapo ndipo soko lenyewe lilipoamua gari lipi litatawala. Land Rover, mfalme wa miaka ya 1950 na 1960, ilianza kuipisha Land Cruiser. Toyota ilileta toleo la 70 mwishoni mwa 1984, na mwaka 1990 ikaja injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, isiyohitaji kompyuta. Kwa wenye kampuni za safari, sifa yake kubwa haikuwa mwendo. Ilikuwa kwamba fundi wa Mugumu anaijua kwa kuisikiliza, na kwamba nozeli yake inapatikana Arusha, Mwanza, au upande wa pili wa Sirari, mpya, ya mtumba au feki, kulingana na mfuko. Kwenye malori ikatokea vivyo hivyo: Fuso lililotumika Japani likawa gari la ndizi za Tarime na ng'ombe wa minada, kwa sababu lililokufa liligeuka duka la spea kwa lililo hai.

Mwaka 2002 mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji Nyamongo, na pamoja nao ukaja utaratibu mwingine kabisa wa kumiliki lori. Malori makubwa ya mgodini hayasubiri kuharibika. Kila kifaa kina saa zake za kazi. Zikitimia, kinabadilishwa hata kama bado kinazunguka, na gharama yake imeshaandikwa kwenye hesabu za mwaka. Kilomita chache kutoka hapo, mwenye Fuso hubadilisha kifaa kinapolia, na gharama yake huitoa kwenye mzigo wa wiki hiyo. Ni namna mbili za kuhesabu gari, na ya kwanza inawezekana tu kwa mwenye mtaji wa kununua kifaa kabla hajakihitaji.

Umeme ulifika Serengeti kwa mlango wa utalii. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club iliingiza hifadhini Land Cruiser zilizotolewa injini ya dizeli na kuwekwa mota na betri, kwa teknolojia ya kampuni ya Kifaransa ya Carwatt. Ng'ambo ya mpaka, kambi ya Emboo katika Maasai Mara ilitumia magari yaliyogeuzwa na Opibus ya Nairobi, ambayo sasa inaitwa Roam, yakichajiwa kwa umeme wa jua. Wageni walisifu ukimya. Wenye magari walikuwa na sababu nyingine ya kuchagua gari kuukuu badala ya jipya la kiwandani: chasisi, difu, springi, breki na bodi zilibaki za Toyota, kwa hiyo maduka na mafundi waliojengeka kwa miaka thelathini hawakutupwa.

Na vifaa hivyo bado vinahitajika. Shokapu haijali kinachosukuma gari. Barabara ya changarawe yenye mawimbi inaiua vilevile. Kinachoondoka ni orodha ndefu ya vitu vidogo: oili, filta, nozeli, pampu ya dizeli, mikanda, gasketi. Pedi za breki hudumu zaidi kwa sababu mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. Mahali pa orodha yote hiyo panakaliwa na kitu kimoja kizito na cha bei, yaani betri, pamoja na mitambo ya kielektroniki inayoiongoza.

Bei ya betri za lithiamu imeshuka sana. Kwa hesabu za BloombergNEF, wastani wa dunia ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilowatisaa mwaka 2010, ukafika dola 115 mwaka 2024. Fuso eCanter, lori dogo la umeme lililozinduliwa 2017, lilikuwa na betri ya kilowatisaa 82.8. Kwa bei hiyo ya wastani, betri ya ukubwa huo ingekuwa kama dola 9,500 kiwandani, na betri za malori kwa kawaida huzidi wastani, kabla ya meli, ushuru na fundi wa kuifunga. Betri ya Volvo FH ya umeme hufika kilowatisaa 540.

Tatizo hili lilishawahi kutafutiwa dawa. Katika miaka ya 1910 kampuni ya umeme ya mji wa Hartford, Marekani, ilianza mpango ambao mteja alinunua lori la umeme bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni. Mteja alilipa ada ya mwezi na ya kila maili, na ilipoisha chaji alibadilishiwa nyingine. Mpango ulidumu hadi 1924, na malori yake yakatembea zaidi ya maili milioni sita. Karne moja baadaye Fuso walianza kwa kuwakodisha wateja eCanter badala ya kuwauzia moja kwa moja, na huko Nairobi kampuni ya mabasi ya umeme ya BasiGo, ilipoanza mwaka 2022, ilimtaka mwenye basi alipe sehemu ya bei mwanzoni, kisha shilingi za Kenya 20 kwa kila kilomita, zikigharamia betri, chaji na matengenezo. Katika mipango yote mitatu, hofu ya kifaa kikubwa kufa imehamishwa kutoka kwa dereva kwenda kwa kampuni.

Mpangilio huo unafaa panapokuwa na njia fupi isiyobadilika na gereji moja, kama kambi ya watalii au mgodi. Kambi iliyo karibu na lango la Ikoma inajua gari lake litatembea kiasi gani leo na litalala wapi, na betri iliyochoka inaweza kuhifadhi umeme wa jua wa jikoni. Mwenye lori la ndizi hana uhakika huo. Toleo la kwanza la eCanter lilitembea kama kilomita 100 kwa chaji moja, umbali usiofika nusu ya njia ya Tarime hadi Mwanza. Hadi pawepo kampuni ya kumkodisha betri na kuibadilisha njiani, Bunda au Lamadi, hesabu yake inamrudisha kwenye dizeli, kwa sababu pampu ya dizeli ya Fuso lake anaweza kuipata leo mchana Sirari.