Barua pepe ofisini: nani hasa amekuandikia?

Wiki iliyopita mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwiki alinionyesha barua pepe kwenye simu yake. Jina lililo juu ni la mfanyabiashara anayewauzia mabati kwa jumla, invoisi ni ile ile ya kila mwezi, ila nambari ya akaunti ya benki imebadilika. Alikuwa ameshalipa.

"Lakini jina si ni lake?" akaniuliza.

Ni lake. Hata Mwiki ziko mbili, hii yetu ya Ruiru na ile ya Kasarani, na jina peke yake halikuambii umefika ipi.

Zamani barua ya ofisini ilikuja na ushahidi wake: karatasi yenye nembo, sahihi, mhuri, na katibu aliyeshika ufunguo wa sanduku la posta. Barua pepe haikuzaliwa na mhuri. Agosti 1982 Jonathan Postel, Mmarekani, alichapisha utaratibu wa SMTP, ambao hadi leo ndio unaobeba barua kutoka seva moja hadi nyingine. Seva inayotuma inasema MAIL FROM, inataja anwani yoyote, na ile ya pili inaitikia sawa. Hakuna anayedai kitambulisho. Simlaumu Postel, waliokuwa mtandaoni wakati huo walikuwa watafiti wachache, wengi wakijuana.

Nairobi nayo ilianza kwa kujuana hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI liliendesha kituo cha FidoNet: ujumbe ulikusanywa kwenye kompyuta moja, kisha ukapita kwa modemu na laini ya simu hadi GreenNet, London. Watumiaji walikuwa hasa mashirika yasiyo ya serikali na watafiti. Intaneti kamili ilipofika 1995, biashara zikafuata, na baadaye nyingi zikachukua anwani za bure za Yahoo na Hotmail. Nani angejua kama anwani yenye jina la duka ni ya duka kweli au ya jirani?

Halafu, tarehe 4 Mei 2000, ikaja ILOVEYOU kutoka Ufilipino. Kiambatisho kilionekana kama faili ya maandishi tu, kwa sababu Windows ilificha herufi za mwisho, .vbs, zinazoonyesha kuwa ni programu. Ukikifungua, kinajituma kwa kila aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani cha Outlook. Yaani haikutoka kwa mgeni. Ilitoka kwa bosi, au kwa mwenzako wa dawati la pili, kwa anwani yake halisi kabisa!

Marekebisho yalikuja polepole: SPF 2006, DKIM 2007, DMARC 2012. Kampuni hutangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la tovuti yake, na barua hutiwa sahihi ya kidijitali. Nimeziwekea wateja kadhaa. Ni mistari michache kwenye DNS. Lakini hazimzuii mtu kufungua Gmail mpya na kujiandika jina la muuza mabati wako. Anwani ni halali, sahihi ni halali, jina ndilo la wizi. Na simu nyingi huonyesha jina tu, mpaka uliguse ndipo uone anwani.

Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao inautaja ulaghai wa aina hii kuwa kosa. Sawa, lakini mwizi hutoa pesa haraka kuliko karani wa mahakama anavyofungua faili.

Nilimwambia dada yule asiijibu ile barua, wala asipige nambari iliyomo ndani yake. Tukatafuta kitabu cha risiti za mwaka jana, tukapiga nambari iliyochapwa pale. Mwenye mabati akapokea mwenyewe. Alikuwa bado anasubiri kulipwa.