Nguzo

Nguzo ni mti, chuma au zege linalosimama wima kubeba uzito. Katika nyumba za zamani za udongo vijijini Musoma, Bunda na Butiama, nguzo zilichimbiwa ardhini, zikafungwa fito, kisha ukuta ukakandikwa. Adui wa nguzo ni mchwa na unyevu, na huanza kuila pale inapokutana na udongo. Kwa hiyo fundi makini huchagua mti mgumu, wala hahadaiwi na ulionyooka tu.

Nguzo ya umeme ni nyingine. Nyingi ni mikaratusi iliyotiwa dawa, na siku hizi za zege zinaongezeka.

Katika dini, nguzo za Uislamu ni tano: shahada, swala, zaka, funga na hija.

Siasa nayo imelichukua neno. Azimio la Arusha la 1967, lililoandaliwa chini ya Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Wengi huyaita nguzo; fedha haikuwekwa miongoni mwake.

Bunge, Serikali na Mahakama nazo huitwa mihimili, neno lenye maana ya karibu na nguzo.