Karatasi Iliyosimama

Josef Albers alipojiunga na shule ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1920, hakuwa na fedha za kununua vifaa. Alibeba nyundo na mfuko wa mgongoni hadi jalalani, akaokota vipande vya chupa na kuviunganisha kuwa picha za vioo. Nchi ilikuwa imetoka vitani, na uhaba ulikuwa kila mahali.

Mwaka 1923 alianza kuwafundisha wanafunzi wapya. Kuna siku aliwagawia magazeti, akawataka watengeneze kitu bila kuharibu karatasi ovyo. Wengi waliunda majumba, ndege na vinyago. Albers hakuridhika: vitu hivyo vilistahili mawe au chuma. Aliyoisifu ni karatasi iliyokunjwa tu kwa urefu, ikasimama kwa ukingo wake mwembamba. Mkunjo ulikuwa umekipa kitu laini nguvu.

Mimi hubuni mandhari ya ndani ya nyumba. Kwenye kompyuta naweza kuchora ukuta wowote, nao hauanguki. Modeli ya kadibodi huanguka, na hapo ndipo ninapojua pa kukunja. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoiita mchezo wa watoto.

Mwaka 1933 shule hiyo, iliyokuwa imehamia Berlin, ilifungwa kwa shinikizo la Wanazi. Albers na mkewe Anni, mfumaji, walikwenda Marekani kufundisha Black Mountain College. Karakana zilibaki nyuma, lakini somo la karatasi liliweza kuendelea, kwani lilihitaji mikono tu.