Manesi wa 1955 na madaktari waliosoma mafaili

Leo stori za bumu kuchelewa tuziweke pembeni. Kuna ugonjwa unaitwa ME, wengi wanaujua kama ugonjwa wa uchovu sugu. Nimeisoma historia yake wiki nzima mpaka rumeti ananiuliza kama kuna testi. Hakuna testi, ni hasira tu.

Tuanzie London, hospitali ya Royal Free. Tarehe 13 Julai 1955 walilazwa daktari mmoja na sista mmoja wa wodi. Kufikia mwishoni mwa Novemba wafanyakazi 292 walikuwa wameugua, 255 wakalazwa, na hospitali ilibidi ifungwe kwa wiki kama kumi. Kichwa, koo, kizunguzungu, misuli inauma na kulegea. Ajabu ni kwamba kati ya wagonjwa waliokuwa wamelazwa mle ndani, walioupata ni 12 tu. Yaani waliougua ndio hao hao wanaotibu, watu wanaojua ugonjwa ni nini. Wengine walipona, wengine hawakurudi kuwa kama zamani.

Sasa sikieni. Januari 1970 madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, wakaandika katika British Medical Journal kwamba yale yote yalikuwa hofu ya kundi, kama ile ya wasichana kuanguka ovyo mashuleni (sisi tunayo yetu ya Kashasha, Bukoba, 1962, ya kucheka). McEvedy alikuwa ametoka kuchunguza shule moja ya wasichana huko Blackburn, sasa akaja na miwani ile ile. Hawakuwahoji wagonjwa, walisoma mafaili. Na moja ya hoja zao: wengi waliougua ni wanawake. Jamani, ni manesi! Mlitegemea nini?

Dokta Melvin Ramsay, aliyewatibu pale pale, alibisha maisha yake yote. Wagonjwa nao wakaanzisha chama chao 1976. Lakini neno lilishatoka. Mwaka 1988 Wamarekani wakaupa jina la uchovu sugu, na wagonjwa wengi wanalichukia mpaka leo, maana nani asiyechoka? Hata sisi wa ualimu, mtoto akilala darasani neno la kwanza mdomoni ni mvivu.

Halafu ukaja utafiti wa PACE, Uingereza. Wagonjwa 641, pauni kama milioni 5, matokeo kwenye Lancet 2011: tiba ya mazungumzo na mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo vinasaidia. Mwaka 2013 wakaongeza kuwa asilimia 22 ya waliopewa tiba hizo wamepona. Wagonjwa wakashangaa, kwa sababu alama kubwa ya ME ni kwamba ukijitutumua leo, kesho au keshokutwa mwili unagoma kabisa. Wakaanza kukagua hesabu wenyewe, wengine wakiwa kitandani. Wakakuta hivi: uwezo wa mwili ulipimwa kwa alama 0 mpaka 100. Ili uonekane mgonjwa wa kuingia kwenye utafiti ilibidi uwe na 65 au chini. Kipimo cha kupona mwanzoni kilikuwa 85, kikashushwa mpaka 60. Kwa hiyo ungeweza kuingia na 65, ukashuka hadi 60, na kwenye kipimo hicho ukahesabiwa umepona. Hapo hata mwalimu wa hesabu wa kidato cha kwanza angerudisha daftari.

Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, akaomba takwimu zenyewe mwaka 2014 kwa sheria ya uhuru wa habari. Chuo Kikuu cha Queen Mary kikakataa, kesi ikafika mbele ya baraza la rufaa, na 2016 chuo kikaamriwa kuzitoa. Zikapigwa upya kwa vigezo vya mwanzo. Ile asilimia 22 ikawa 7 kwa mazungumzo na 4 kwa mazoezi. Waliopata huduma ya kawaida tu walikuwa 3. Wenye utafiti waliendelea kuutetea, ila Oktoba 2021 NICE, wanaoandika miongozo ya tiba kule, waliyaondoa mazoezi yale.

Ramsay hakuiona siku hiyo, alifariki 1990. Haya, umeme unachezacheza hapa hosteli, ngoja niirushe kabla haujakatika.